Majani ya Haraka na Mtamba wa Mama Atuganile

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukungu tangu alfajiri. Mlima Rungwe hauonekani, na uko hapo hapo nyuma ya nyumba. Lakini akili yangu iko wazi kabisa! Nimeanza shajara hii ili siku nikifanikiwa watu wajue nilipitia wapi.

Jana kanisani mchungaji alituambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wote wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza. Mwenye akili hainami. Anatafuta fimbo.

Habari kubwa: mtamba wa Mama Atuganile yuko tayari kutoka! Niandike vizuri, hata mgeni aelewe. Miaka michache iliyopita shirika moja lilikuja hapa Isongole, likaleta ng'ombe wachache wa maziwa kwa kikundi cha Tuganane. Halikugawa tu na kuondoka. Liliweka sharti: ukipewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza si wako. Unamlea mpaka awe mtamba mwenye mimba, kisha unamkabidhi jirani aliye kwenye foleni. Naye akipata jike anampa mwingine. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Shirika lenyewe lilishaaga zamani, magari yao hatuyaoni tena, lakini ng'ombe wanaendelea kuhama nyumba hadi nyumba na kila walipoingia pamenyooka. Watoto wananenepa, viazi vinapata samadi. Mpango mzuri mno, nakiri. Nimeuzunguka pande zote nikitafuta tundu la kupenyea. Sijaliona bado.

Zamu hii tumebaki kaya mbili: yetu na ya Hosea, jirani yangu. Ijumaa anakuja Bi Nusrat, mtaalamu wa mifugo, kutukagua. Anaangalia banda, halafu anaangalia shamba la majani, maana ng'ombe hawa hawachungwi, wanaletewa chakula bandani. Asiye na majani hapewi ng'ombe. Hapo hakuna mjadala.

Banda letu ni zuri kuliko la Hosea. Alijenga mke wangu Agness, mimi nikasimamia. Masomo ya ufugaji alihudhuria Agness, yote, hata siku za mvua ya mawe, mimi nikasimamia nyumba. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, kwenye kishamba chetu cha bondeni, mvua za Desemba zikianza.

Nilimwambia nimepanda.

Sikupanda.

Si uvivu! Desemba nilikuwa na mradi wa sungura. Januari sungura walikuwa wamekimbia, nikawa nauguza hasara. Februari ilikuwa fupi.

Agness hajashuka bondeni. Viazi vya huku juu vinammaliza nguvu, halafu, maskini, ananiamini. Juzi nilimkuta ndani ya banda anafagia. Banda tupu! Nikacheka. Kisha nikaona jinsi anavyofagia, polepole, kila kona, kama mtu anayemtarajia mgeni wa heshima. Sikucheka tena. Nikishindwa Ijumaa, mtamba anakwenda kwa Hosea, na Agness atajua ni kwa nini.

Nahitaji fimbo.


Jumatano, 5 Machi

Fimbo ya kwanza: Mama Atuganile mwenyewe. Yeye ndiye anayetoa mtamba, neno lake lina uzito. Nikaenda asubuhi kumsifia.

Nilianza vizuri. Nikamwambia ng'ombe wake anang'aa. Akajibu kwamba kung'aa kunatokana na kusuguliwa, akanipa brashi. Nikamsifia usafi wa banda. Akanipa koleo. Kwa kifupi, nimezoa samadi ya Mama Atuganile mpaka jua limefika utosini, na kila sifa niliyotoa ilikuja na kifaa chake.

Lakini alikuwa anasimulia. Mzee yule Kiswahili chake kina Kinyakyusa kingi, ananiita "gwe Amoni", yaani wewe Amoni, kama vile bado nimevaa kaptula. Akasema mume alipofariki, alikuwa akipita kwa majirani jioni kana kwamba anasalimia, kumbe anasubiri aambiwe karibu ule. Watu walijua. Walimkaribisha. Akasema chakula cha namna hiyo kinashibisha tumbo na kuumiza shingo, maana unakula umeinamisha kichwa. Kisha akaletewa ng'ombe. Leo anauza maziwa asubuhi, binti yake anasoma uuguzi, na jioni ni yeye anayewakaribisha watu. Nilikunywa vikombe vya maziwa mpaka nikaona aibu. Nilimpenda sana leo. Sikumbuki vizuri nilikwenda kwake kufanya nini.

Nilipokuwa naaga nikakumbuka. Nikadokeza kwamba banda langu ni zuri. Akashukuru kwa Kinyakyusa chake, "Banda zuri, ndaga, lakini gwe, ng'ombe hali bati."

Kwaresima imeanza. Hosea ametangaza mbele ya watu kwamba haonji nyama mpaka Pasaka. Anapenda kuonekana.


Alhamisi, 6 Machi

NIMEPATA! Ajabu sikulifikiria mapema.

Bi Nusrat anataka kuona majani yamesimama shambani. Hajasema yawe yamesimama tangu lini.

Shamba la mabingobingo la Hosea linapakana na langu. Refu, jeusi kwa ubichi, limejaa mpaka linamwagikia upande wangu. Mtu mwenye majani mengi hivyo anafurahi kupunguziwa. Leo Hosea alikwenda mnadani. Agness alikuwa kwenye viazi. Nikashuka na panga.

Nilikata kwa mistari, mstari mmoja nakata, mmoja naruka, ili pengo lisionekane. Hiyo ndiyo tofauti ya mkata majani na mtaalamu. Kisha nikachukua yale mashina marefu na kuyachomeka kwenye kishamba changu, kwa safu, moja moja. Udongo umeloa kama uji, yanaingia yenyewe. Mengine sikuangalia upande gani ni juu. Haraka ilikuwa kubwa na mvua ilikuwa inakuja.

Nikapanda juu njiani na kutazama. Shamba! Shamba kamili la majani, kazi ya miezi mitatu, nimelitengeneza kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Nimesimama pale kwa muda mrefu nikijitazamia. Wakulima wenzangu wanateseka bure.


Ijumaa, 7 Machi

Siku ngumu. Niandike kwa mpangilio.

Nilijua mkaguzi aliyeshiba hashuki mteremko. Kwa hiyo niliagiza ndizi nzuri kutoka Igogwe, maana za huku kwetu baridi inazidumaza, nikanunua nyama, Agness akapika mbalaga. Harufu ilifika barabarani. Bi Nusrat akaja na bodaboda, amejifunga koti la mvua, mchangamfu. Nikamwambia kazi baadaye, chakula kwanza. Akanitazama kwa huruma. Akasema asante sana, baba, ila amefunga.

Ramadhani! Imeanza wikendi iliyopita. Kila mtu alijua. Bushiri wa dukani amefunga, sokoni wanauza tende, na mimi nimempikia sufuria la nyama mtu aliyefunga, nikampepea mvuke usoni. Agness alitaka ardhi immeze.

Hosea akatokea. Anasema alipita tu. Ni vibaya chakula kipoe, akasema, na Mungu huangalia moyo. Kwaresima yake imedumu siku mbili. Alikula mpaka akalegeza mkanda.

Tukaenda bondeni. Tukaanza na shamba la Hosea. Bi Nusrat akaona mistari iliyokatwa, akapiga makofi! Akasema hivi ndivyo alivyofundisha: unavuna mstari, unaruka mstari, majani yachipue kwa zamu. Akasema Hosea ni mwanafunzi wa mfano. Hosea akatazama mistari yake. Akanitazama mimi. Akasema ahsante.

Amepokea sifa ya jasho langu! Na siwezi kudai.

Kisha zamu yangu. Mvua ikawa imechanganya, mteremko unateleza, Bi Nusrat akatazama kutoka juu njiani. Mvua ya kwetu, Mungu aibariki. Nikasema: hilo hapo. Akatazama. Akauliza haya majani yana nini.

Yalikuwa yamelala. Yale majani yaliyokuwa yananing'inia vizuri jana, leo yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Akasema ni jambo la ajabu, majani yananyauka kana kwamba ni kiangazi, na viatu vyake vinazama kwenye tope. Kisha akaogopa. Akasema inawezekana ni ugonjwa. Akapiga marufuku mtu yeyote kutoa hata jani moja humo. Akaagiza tukate yote yabaki urefu wa goti, tupalilie, tuweke samadi, na yeye atarudi mwezi ujao. Yakichipua vizuri, tumepona. Yasipochipua, mtamba aende kwa Hosea.

Kwa hiyo sijashindwa! Nina mwezi mzima. Lakini Agness alilitazama lile shamba, halafu akanitazama mimi, halafu akapanda mlima peke yake. Chakula cha jioni nimejipakulia.


Jumamosi, 8 Machi

Agness ameshuka bondeni kabla sijaamka. Amerudi na tope mpaka magotini. Hakusema lolote kuhusu ugonjwa. Akaniwekea panga mkononi na akasema maneno machache tu: "Vijiti vingine vinatazama chini. Vigeuze."

Nikaanza kueleza kwamba inategemea. Akawa ameshaingia bandani na ufagio wake.

Anajua? Hajui? Naogopa kuuliza. Afadhali angepiga kelele. Mwanamke akipiga kelele unajua umesimama wapi.


Alhamisi, 13 Machi

Nimekata. Nimegeuza. Nimepalilia. Nimebeba samadi ya Mama Atuganile kichwani kutoka huko juu mpaka bondeni, na kikundi kizima cha Tuganane kimepita njiani kuja kunipa pole kwa ugonjwa wa shamba langu. Wameleta na majembe. Wamepalilia safu za chini huku wanaimba. Ugonjwa wenyewe nimeutunga mimi, wao wanauimbia nyimbo. Watu hawa wana mioyo ya ajabu, na nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Mgongo unauma. Nimejifunza kwamba udanganyifu una kazi nyingi kuliko kilimo.


Jumatano, 19 Machi

Hata sijui niandikeje.

Nimeshuka asubuhi kuona jinsi vijiti vyangu vinavyooza. Niliandaa kabisa maneno ya kumwambia Bi Nusrat kuhusu ugonjwa, kwamba umekuja na upepo kutoka upande wa Hosea. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Na pale kwenye kijiti, penye pingili, lile fundo la shina, kuna kitu cha kijani. Kidogo, kama ncha ya ulimi. Nikaangalia kijiti cha pili. Kipo. Cha tatu. Kipo!

VINAOTA!

Uongo wangu umeota. Nilikaa kwenye tope nikacheka peke yangu. Udongo huu wa Rungwe ukichomeka mkongojo asubuhi, jioni unakaa kivulini. Mimi niliujua. Ndani kabisa ya akili yangu niliujua. Huo ndio unaoitwa mkakati.

Nilikimbia kumwambia Agness kwamba ugonjwa umepona. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Eeh." Kisha akanisogezea kigoda, akanipa kisu, nikamenya naye. Ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa ile ameniambia nikae.


Alhamisi, 3 Aprili

Bi Nusrat amerudi.

Safari hii sikufanya makosa. Nilimwuliza Bushiri dukani kama Ramadhani imeisha. Akasema imeisha, Idi ilikuwa Jumatatu. Nikamwuliza tena kwa hakika. Akasema, "Amoni, si umekula pilau langu?" Kweli, nililila. Basi nikaagiza ndizi, nikanunua nyama, mbalaga ikachemka, na Bi Nusrat alipofika nikamwambia leo hana pa kujificha.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema yuko kwenye Sita. Kumbe baada ya Idi wapo wanaoongeza siku sita za kufunga kwa hiari yao. Kwa hiari! Nikamwuliza kama kuna nyingine baada ya hapo, ili niandike.

Hosea alipita tu. Akasema Pasaka iko karibu sana, ni kama imefika.

Bondeni mteremko ulikuwa mkavu. Bi Nusrat akashuka mpaka chini kabisa, akaingia kati ya safu. Machipukizi yamefika juu ya magoti, laini, ya kijani. Akatembea taratibu. Kisha akainama, akashika shina moja kwa mikono miwili, akalivuta.

Nikafumba macho. Nilimwona Agness anafagia banda tupu mpaka uzeeni. Nilisali, na sikusali kwa ajili ya mkakati.

Halikutoka.

Akavuta jingine. Halikutoka. Akasema mizizi imeshika. Nikafumbua macho, nikaanza kumweleza jinsi nilivyofuata kanuni, akanikatiza kwa upole. Akasema kitu kimoja kinamchanganya: mabingobingo ya Desemba yangekuwa yamempita kichwa. Akamgeukia Agness.

Agness alikuwa amesimama na jembe lake. Akasema, "Yalichelewa, dada. Lakini yamefika."

Bi Nusrat akamtazama. Wakatazamana vile wanawake wanavyotazamana, na mimi sijui kilipita nini. Akasema basi, majani ni majani. Tukiongeza na mabua ya mahindi, ng'ombe mmoja atashiba. Kaya zote mbili zimefaulu. Mtamba ni mmoja. Jumapili kikundi kitaamua.

Usiku huu sijui kama nitalala. Agness amesharudi bandani. Sasa anapiga deki.


Jumapili, 6 Aprili

Mkutano baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianza na maendeleo ya taifa, ikapita kwenye viwanda, ikaishia kwangu. Kama hiyo isingetosha, nilikuwa nidokeze, kwa huzuni, kwamba mtu asiyeweza kuvumilia Kwaresima atamvumiliaje ng'ombe.

Sikufika kuisema. Hosea alisimama kabla yangu.

Akasema mkewe alijifungua mapacha mwaka jana, hakuweza kwenda masomoni hata siku moja, na yeye mwenyewe alikuwa akienda anasinzia. Akasema kila jioni Agness alikuwa anapita kwao, amelowa, anakaa jikoni, anarudia somo lote kuanzia mwanzo: jinsi ya kukata majani, jinsi ya kujua ng'ombe ana joto la kutaka dume, jinsi ya kuosha kiwele. Akasema banda lake, majani yake, kila anachojua, kimepita mdomoni mwa Agness. Haiwezekani mwanafunzi apewe ng'ombe, mwalimu abaki anatazama. Akaomba mtamba aende kwetu, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa kwetu aje kwake. Atasubiri.

Kisha vigelegele. Mama Atuganile akasema ndaga fijo, asante sana, akanyanyuka akamkumbatia Hosea.

Mimi sikujua! Jioni zote zile nilidhani Agness anakwenda kupiga soga. Niliona fahari kubwa sana, na chini ya fahari kitu kingine ambacho sikipendi. Hotuba nimeikunja.

Wakati wa kutoka Hosea alinishika bega. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine nikikata majani yake nikate kwa mshazari, maji yasituame kwenye shina. Na kwamba safu yangu ya mwisho ina mapengo, nipitie nichukue mengine nizibe.

Nikamwambia sijui anaongelea nini. Akasema hata yeye hajui, anasema tu.


Jumamosi, 12 Aprili

Leo. Kiwanja cha kanisa. Jua, mara mvua, mara jua. Mtamba ameogeshwa, ana utepe shingoni, na ni mzuri kuliko baadhi ya mabibi harusi niliowaona.

Desturi ni hii: anayetoa na anayepokea wanashika kamba pamoja mbele ya watu, mchungaji anaomba, kisha anayetoa anaiachia. Nilisogea. Nilivaa suti. Nikanyoosha mkono. Mama Atuganile akaipitisha kamba kando ya mkono wangu, taratibu, kama mtu anayekwepa nguo zilizoanikwa, akamkabidhi Agness.

Kisha akasema machache. Akasema watu wanadhani siku aliyopewa ng'ombe ndiyo siku aliyosaidiwa. Akasema siku ile bado alikuwa na shingo iliyoinama, alikuwa ameongezewa deni tu. "Leo ndiyo nimesimama," akasema. "Leo natoa. Gwe Agness, na wewe ukitoa, shingo yako itanyooka hivi hivi." Akaiachia kamba. Mkono wake ulibaki wazi pale hewani, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Nami yalinitoka. Nikasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Agness alimwongoza mtamba kupita barabara yote mpaka nyumbani, kichwa juu, watu wa bodaboda wanapiga honi. Alipoingia bandani yule ng'ombe alinusa kila kona, kisha akala majani. Majani yangu! Yale ya haraka! Agness alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawa anamtazama anavyotafuna, mpaka giza likaingia. Nilikaa naye. Sijawahi kumwona mke wangu ametulia hivyo.


Jumatatu, 28 Aprili

Mambo ni mazuri. Ng'ombe amezoea. Agness amempa jina la Pingili. Jina la ajabu. Nilipendekeza Malkia, au Mkakati. Nikamwuliza Pingili maana yake nini kwa ng'ombe, akacheka mpaka akamwaga maji ya kunywa ya huyo huyo Pingili. Bado sijaelewa.

Usumbufu ni Hosea. Kwa kuwa ndama ajaye akiwa jike ni wake, anafika kila asubuhi kumjulia hali mama mzazi. Anapiga hodi bandani, nyumbani hapigi. Mara nyingi anakuja na mzigo wa majani, ili yangu yasiishe mapema. Pasaka imepita, lakini anakula mbalaga kwa kasi ile ile ya Kwaresima.

Sasa, habari kubwa. Bi Nusrat ametangaza biogesi! Samadi inaingia shimoni, gesi inatoka jikoni, hakuna tena kuni wala moshi. Kikundi kitamleta fundi na kuchangia saruji kwa kaya itakayokuwa imechimba shimo lake tayari, refu kumzidi mtu. Agness ameshapanga jiko litakaa wapi. Kazi zote amechukua yeye: mawe, mchanga, kumlisha fundi. Mimi amenipa moja tu. Kuchimba shimo.

Nilimwambia nimeshaanza.

Sijaanza. Wiki hizi nilikuwa nafuatilia mambo ya nyuki.

Bi Nusrat anapita Ijumaa. Lakini sina wasiwasi hata kidogo, maana sasa nina uzoefu. Jana mchungaji amerudia ile ile ya mvunguni na nilitabasamu peke yangu kwenye benchi. Mpango ni huu: nachimba mpaka magotini. Mvua inajaza maji ya matope. Nani anaona chini ya maji ya matope? Bi Nusrat atasimama ukingoni, ataona shimo limejaa, ataogopa kutumbukia, ataandika ndiyo. Mengine udongo wa Rungwe utajua wenyewe. Haujawahi kuniangusha.

Mchana huu nilikwenda kwa Hosea kuazima sepeto. Nilikuwa nimeandaa sababu. Kabla sijafungua mdomo akanipa. Kisha akachukua na lake, akaanza kunifuata. Tulipofika uani Agness alikuwa anatusubiri, kanga ameifunga kiunoni, sururu begani, na nyuma yake Mama Atuganile anashusha kikapu cha viazi vya kuchemsha. Wakanionyesha pa kuanzia.

Sielewi hawa watu wamefuata nini. Shimo la magotini mtu mmoja anatosha kabisa.